Kabla ya kulipa karo ya uuguzi, uliza kwanza

TUSEME matokeo ya KCSE yametoka na binti yako amepata alama ya B. Majirani wamekuja kukupa hongera, chai imeandaliwa, na katikati ya furaha hiyo binti anasema: “Baba, mimi nataka kusomea uuguzi.” Mara shangazi yake anaguna: “B nzima, kisha akaoshe vidonda?”

Msomaji mpenzi, kama nawe huguna kama shangazi huyo, basi kuna mengi yaliyobadilika. Zamani mtu aliyetaka kuwa nesi hapa Kenya alijua njia moja tu, nayo ni kujiunga na shule ya uuguzi ya hospitali na kutoka na cheti au diploma. Mnamo 1968 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha diploma ya juu kwa wauguzi waliokwisha kufuzu, ili wawe walimu na viongozi wa wenzao. Chuo Kikuu cha Baraton kilianza kutoa shahada ya uuguzi mwishoni mwa miaka ya 1980, na Nairobi ikafuata mwaka wa 1992. Leo vyuo vikuu kadhaa, vya umma na vya kibinafsi, hufundisha shahada hiyo.

Masomo yenyewe huchukua miaka minne kwa kawaida, na si mzaha. Mwanafunzi husoma jinsi mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi, dawa, ukunga, afya ya akili, afya ya jamii, utafiti na uongozi. Aidha, haketi darasani tu. Hupelekwa wadini kujifunza kwa mikono yake, mchana na usiku. Atazalisha akina mama chini ya uangalizi wa wakubwa wake, na kila kazi aliyoifanya huandikwa katika kitabu maalum na kutiwa sahihi.

Ili kupata nafasi, mwanafunzi anahitaji kuwa na wastani wa C+ au zaidi katika KCSE, pamoja na C+ katika Kiingereza au Kiswahili, Biolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia. Jambo hili wazazi wengi hulisahau. Mtoto aweza kuwa na B ya jumla, lakini kama Kemia ni D, mlango wa shahada umefungwa. Basi wewe uliye kidato cha pili na unawazia uuguzi, usiitupe Kemia!

Sasa tufike penye jambo zito. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa muuguzi. Anayesajili wauguzi na kuwapa leseni ni Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo hufanya kazi chini ya Sheria ya Wauguzi ya 1983. Mwanafunzi hana budi kuandikishwa na Baraza hilo anapoanza masomo. Akimaliza, kuna mtihani wa Baraza, tena kuna mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Bila leseni, hospitali haiwezi kumwajiri kama muuguzi, iwe ya kaunti au ya kibinafsi. Hata akitaka kwenda Uingereza, ambayo ilitia sahihi mkataba na Kenya kuhusu wahudumu wa afya mwaka wa 2021, kwanza ataulizwa kama amesajiliwa nyumbani.

Kwa hivyo, kabla ya kuuza ng’ombe au kuchukua mkopo wa chama, uliza maswali haya. Je, kozi ya uuguzi ya chuo hicho imeidhinishwa na Baraza? Jina kubwa la chuo au jengo la vioo lisikutoshe. Omba orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kutoka kwa Baraza lenyewe, si kwa ajenti aliyekupigia simu. Wanafunzi hufanyia mazoezi katika hospitali gani? Mwanangu ataandikishwa na Baraza lini? Na mbali na karo, sare, usafiri na malazi wakati wa mazoezi ni gharama ya nani? Miaka minne ya karo ikipotea, hairudi.

Na kama alama hazikutosha, usimkatishe mtoto tamaa. Diploma ya uuguzi, ambayo hufundishwa KMTC na kwingineko kwa takriban miaka mitatu, huhitaji wastani wa C. Aliyefuzu na kusajiliwa aweza baadaye kurudi chuo kikuu akapata shahada, huku tayari ana kazi mkononi. Kuhusu fedha, wanafunzi wa vyuo vikuu na wa KMTC huweza kuomba mikopo ya HELB.

Limebaki swali moja, nalo ni la kijana mwenyewe, awe msichana au mvulana, kwani kazi hii ni ya wote. Je, utaweza kukesha na mgonjwa asiyekujua, umsafishe bila kukunja uso, na kesho urudi tena? Akisema ndiyo, mzazi mwenzangu, simama naye. Siku shangazi atakapolazwa, mkono utakaoshika wake saa tisa za usiku huenda ukawa wa huyo huyo aliyemguna.