Fundi, gesi imekwenda wapi?



Wiki hii nataka tuzungumzie chombo ambacho katika nyumba nyingi za mjini kimekaa sebuleni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pana maua ya plastiki. Nazungumzia jokofu, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita friji. Likifanya kazi hakuna anayelikumbuka. Likiacha kupoza, nyumba nzima hukosa amani.

Nimesukumwa na yaliyompata jirani yangu hapa Tunduma, mama anayesomesha watoto kwa kuuza maziwa, juisi na barafu kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Friji lake liliacha kugandisha. Akaita fundi. Fundi akaliwasha, akapapasa nyuma, akasema, "Mama, gesi imeisha." Akajaza, akalipwa, akaenda zake. Baada ya wiki tatu barafu zikawa maji tena. Fundi akarudi, akasema yale yale, akajaza tena, akalipwa tena. Mara ya tatu mama yule hakuwa na cha kumlipa. Mtaji wote ulikuwa umekwenda kwenye gesi na kwenye maziwa yaliyochacha.

Ndugu msikilizaji, maneno hayo mawili, "gesi imeisha", yamewatia hasara watu wengi. Gesi ya friji si petroli ya gari wala mkaa wa jiko. Haiungui wala hailiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote, na friji laweza kufanya kazi miaka 15 au zaidi kwa gesi ile ile iliyotiwa kiwandani. Ikipungua, maana yake kuna tundu. Kujaza bila kuziba ni sawa na kutia maji katika ndoo iliyotoboka.

Ili tuelewane, tuanze na kazi yenyewe ya friji. Friji halitengenezi baridi, huhamisha joto. Unakumbuka nesi anapokupaka spiriti mkononi kabla ya sindano? Mkono husikia baridi, kwa sababu spiriti inapokauka huondoka na joto la ngozi yako. Ndani ya friji ni vivyo hivyo. Kompresa, ile kitu nyeusi kama chungu iliyo chini kwa nyuma, huisukuma gesi kwa nguvu mpaka inakuwa ya moto. Gesi hiyo hupita katika mabomba ya nyuma au ya ubavuni, ikatoa joto lake hewani na kugeuka maji. Kisha hupenya katika kibomba chembamba na kuingia ndani, ambako huchemka, hugeuka gesi tena na kubeba joto la chakula chako. Halafu safari huanza upya.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba friji linaweza kushindwa kupoza hali gesi yake imejaa tele. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, kagua mambo yafuatayo wewe mwenyewe.

Kwanza ni umeme. Taa ya ndani ikiwaka haina maana kwamba umeme unatosha. Umeme wetu wa nyumbani unapaswa kuwa volti 230. Jioni, wakati kila nyumba imewasha kila kitu, unaweza kushuka, na kompresa ikapata taabu kuanza. Utaisikia inanguruma kidogo, halafu "tik", inanyamaza. Baada ya dakika chache inajaribu tena, "tik". Ukisikia hivyo, zima friji, lisije likaunguza kompresa. Kama umeme ukiwa mzuri bado linafanya hivyo, huenda kifaa cha kuanzishia kompresa kimekufa, na hicho ni cha bei nafuu kuliko kompresa yenyewe. Vile vile umeme ukikatika na kurudi, usiliwashe papo hapo. Subiri dakika tano au zaidi, ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie. Kile kiboksi cha kulinda friji kinachochomekwa ukutani hufanya kazi hiyo ya kusubiri.

Pili ni raba ya mlango. Chukua noti, ibane kati ya mlango na friji, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, joto linaingia hapo usiku na mchana. Mara nyingi dawa yake ni maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu raba huacha kushika ikiwa na utando wa mafuta na juisi. Ikiwa imepasuka, badilisha.

Tatu ni pumzi. Nimesema friji hutoa joto kwa nyuma au ubavuni. Sasa ukilibana kwenye kona na kulifunika kitambaa mpaka chini, joto litapita wapi? Liache na nafasi ya upana wa kiganja kutoka ukutani. Na sisi wa Tunduma, tuliopakana na barabara kuu ya Zambia na foleni zake za malori, tunajua vumbi. Vumbi likiganda kwenye mabomba ya nyuma ni kama kulivika friji blanketi. Chomoa plagi, chukua brashi, safisha.

Nne ni barafu. Sehemu ya kugandishia ikijengeka barafu nene, barafu hiyo huzuia baridi isitoke. Ikizidi nusu sentimita, zima friji, fungua mlango na uiache iyeyuke yenyewe. Nakuomba sana, usitumie kisu! Ukuta ule ni bati laini la alumini, na gesi inapita humo humo. Kwa friji zile zisizojenga barafu, dalili ni nyingine: juu panaganda lakini chini pana joto. Hapo huenda feni imekwama au njia ya hewa imezibwa na barafu usiyoiona. Lizime siku nzima, milango wazi. Likipona kisha likarudia, ndipo umwite fundi.

Tano ni jambo la kwetu sisi wa nyanda za juu, na lilinipata mimi mwenyewe. Julai moja nyama yangu ililainika, maji yakatiririka sakafuni, na kompresa ilikuwa kimya kabisa. Nilikuwa nimekwisha kushika simu. Kumbe friji lilikuwa zima. Friji nyingi za milango miwili zina kidhibiti kimoja tu cha joto, nacho kiko sehemu ya chini. Kama chumba chenyewe kina baridi kama ile ya Juni na Julai hapa Tunduma au kule Mbozi, sehemu ya chini hubaki baridi bila msaada, kidhibiti kinaona hakuna kazi, na kompresa hailiamshwi. Huko juu nyama inayeyuka. Tazama kibao kilichobandikwa ndani ya friji au nyuma yake. Ukiona herufi T, friji hilo limetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi joto kati ya 16 na 43. Herufi SN ni kuanzia nyuzi 10 hadi 32. Friji la T ni sahihi kwa Dar es Salaam, lakini usiku wa Julai huku kwetu laweza kulala usingizi. Nililihamishia jikoni kwenye joto, likaamka.

Basi, ukiwa umekagua yote hayo na bado kompresa inanguruma bila kupoza, na mabomba ya nyuma hayapati joto lolote, hapo yawezekana kweli gesi imepungua. Mwite fundi, lakini muulize swali moja: "Fundi, gesi imekwenda wapi?" Fundi wa kweli hatakasirika. Atatafuta tundu kwa povu la sabuni, ataliziba, atabadilisha kichujio, atavuta hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze. Anayekuja na mtungi peke yake anakuuzia wiki tatu.

Mtazame pia anajaza gesi gani. Aina na uzito wake vimeandikwa kwenye kile kibao, na gesi hazichanganywi. Friji za zamani zilitumia R12, ambayo ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni angani. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuachana na gesi za namna hiyo, Tanzania ikajiunga mwaka 1993. Baadaye ikaja R134a, na friji nyingi za sasa zina R600a. Hii ya mwisho haina madhara makubwa kwa hewa, lakini inashika moto kama gesi ya kupikia. Fundi akitaka kuwasha moto wa kuchomelea kwenye friji la R600a kabla ya kuitoa gesi nje, mzuie.

Na wakati unamsubiri fundi, usifungue mlango ovyo. Friji lililofungwa hutunza chakula kama saa nne hivi. Friza iliyojaa yaweza kufika siku mbili. Nyama, samaki na maziwa yaliyokaa kwenye joto zaidi ya hapo usiyaonje ili kujua kama yameharibika. Kwa mwenye kisukari anayetunza insulini ya akiba, ambayo hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, aipeleke mapema kwa jirani au zahanati. Wala isigande, insulini iliyoganda ni ya kutupa.

Jirani yangu je? Alimpata fundi mwingine, kijana mtulivu, aliyekuja na sabuni kabla ya mtungi. Povu likatoka ndani kabisa, kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano, mahali ambapo mama mwenyewe aliwahi kuchokonoa barafu kwa kisu cha kukatia nyanya. Likazibwa, gesi ikatiwa mara moja, na mpaka leo barafu zinauzwa. Kisu kimerudi kwenye nyanya.

Ndugu msikilizaji, ufundi ni kazi ya heshima, na fundi mwema anastahili malipo yake. Lakini mwenye mali naye ana wajibu wa kuuliza. Hadi wiki ijayo, nakutakia kila la heri.