Chai ya Rangi na Moyo Wangu

"Mzee, umekunywa chai leo?"

Nilikuwa nimeshalala kitandani, shati nimevua, mshipa wa mkono umeshapatikana. Nikamjibu binti yule wa chumba cha mionzi kwamba ndiyo, kikombe kimoja tu, ya rangi. Akaiweka sindano chini. Kipimo kikaahirishwa, nami niliyetoka Moshi kwa basi mpaka Nairobi nikarudi kulala kwa shemeji yangu. Karatasi niliyopewa ilikataza chai, kahawa, chokoleti na soda nyeusi kwa saa 24. Mimi niliisoma upande mmoja tu.

Kwa kipimo hiki cha damu ya moyo, wengi hupandishwa kwenye mashine ya kutembea mpaka moyo uende mbio. Goti langu haliwezi, kwa hiyo ningechomwa dawa ya kutanua mishipa ya moyo. Sasa kafeini ya chai hukaa pale pale dawa hiyo inapotakiwa kushika, ikaizuia, na picha ikatoka nzuri ya uongo.

Nimekuwa bwana shamba miaka 31, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuamua ugomvi wa zamu za maji kwenye mifereji ya mlimani. Nikajifunza kutoangalia mfereji peke yake. Mwingine umejaa matope na bado migomba inanawiri, mwingine ni msafi na chini kumekauka. Kipimo cha kupitisha katheta huonyesha mfereji ulipoziba. Hiki cha mionzi huuliza swali la bwana shamba: maji yamefika kwenye kihamba, shamba lenyewe?

Siku mbili baadaye nilirudi na kiu yangu. Dawa yenye mionzi huitwa teknishiamu, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, hivyo haiwekwi akiba. Hospitali huletewa chombo kilichozungushiwa madini ya risasi, ndani yake mna molibdenamu inayoizaa teknishiamu polepole. Asubuhi hupitishwa maji ya chumvi, yakatoka na iliyozaliwa. Wenyewe wanaita kukamua. Nina ng'ombe wawili, sikuhitaji maelezo zaidi.

Dawa ikiingia mwilini, nyama ya moyo huinyonya kadiri damu inavyoifikia. Kamera haitoi mionzi, inapokea tu. Mwenye kung'aa nilikuwa mimi, mikono juu ya kichwa kama mwizi aliyekamatwa. Nilipigwa picha mara mbili, moyo ukiwa umetulia na baada ya ile dawa ya kutanua mishipa, ambayo iliniachia kichwa kinachogonga. Binti yule akaniletea kikombe cha kukituliza. Chai ya rangi!

Katika picha ya kutulia, moyo wote uling'aa. Katika ile ya pili, kipande cha ukuta wa chini kilififia. Kingefifia kote kuwili, daktari alisema, huenda lingekuwa kovu, nyama iliyokwisha kufa. Changu kilikuwa hai, kina njaa wakati wa kazi tu.

Nikamuuliza: na mifereji yote mitatu mikuu ya moyo ikipungua sawasawa, utajuaje, kama unalinganisha kihamba na kihamba? Akacheka, akakiri kwamba huo ndio udhaifu wa kipimo chenyewe, ndiyo maana huangalia pia kama moyo umetanuka au umepunguza kusukuma.

Nilitegemea kupasuliwa. Akanieleza utafiti uliotangazwa mwaka 2019, wa wagonjwa 5,179 wenye moyo uliokosa damu ya kutosha: waliowekewa stenti au kupasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya walioanza na dawa peke yake, ingawa wenye maumivu ya mara kwa mara walipata nafuu zaidi. Kipande changu ni kidogo. Tukakubaliana aspirini, dawa ya kushusha lehemu, nyingine ya kupunguza mapigo, na kidonge cha chini ya ulimi nikibanwa.

Zamani, nikipanda kutoka mferejini, kifua kilinisimamisha mara mbili kabla ya mparachichi. Siku hizi nasimama mara moja, na mara nyingine ni kwa ajili ya goti.