Mfupa wa kiuno "uliotoka": tuelewe kabla ya kukandwa

Kwenye njia ya Bukavu kwenda Walikale, upande wa Itebero, mzigo mwingi bado unasafiri juu ya mgongo wa mtu. Wamama wanatoka shambani na kitunga cha mihogo, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Vijana wanabeba magunia ya kasiteriti kutoka machimboni. Ndiyo sababu maombi kwa ajili ya kiuno hayaishi katika makanisa yetu. Na mara nyingi jibu limekwisha kutolewa nyumbani: "Mfupa umetoka, mpelekeni kwa mzee aurudishe."

Mfupa gani huo? Chini ya uti wa mgongo kuna mfupa wa pembetatu, sakramu, uliokaa kati ya mifupa miwili ya nyonga kama kabari kati ya mbao mbili. Pale unapokutana nayo, kushoto na kuume, kuna viungo viwili vya sakroiliaki. Ukigusa vishimo viwili vilivyo juu kidogo ya matako, uko karibu navyo. (Si kiungo cha paja ambacho Yakobo aliteguka kule Penieli, hicho ni kingine, nacho huzunguka sana.) Viungo hivi hupokea uzito wa kiwiliwili na kuupeleka miguuni. Nyuso zake zina matuta yanayoshikana, na nyuma yake kuna kano ngumu kuliko karibu zote za mwili.

Basi husogea kiasi gani? Mwaka 1989 waganga wa Uswidi waliweka vipira vidogo vya chuma ndani ya mifupa ya wagonjwa 25, wakawapiga picha za eksirei wakiwa katika mikao mbalimbali. Kwa wastani kiungo kilizunguka digrii 2.5, wala hakikufika digrii 4. Kuteleza kwake hakukufika milimita 2. Mshale wa dakika wa saa husogea digrii 6 kwa dakika moja tu. Kiungo namna hiyo hakitoki kwa sababu ya kuinama kuokota jembe.

Mwaka 1998, tena Uswidi, wagonjwa 10 walinyooshwa kiungo hicho kwa mikono. Vipimo vya mikono, vilivyoonyesha kasoro mwanzoni, vingi vilionekana sawa baadaye. Lakini eksirei zilionyesha kwamba mfupa haukuhama mahali pake. Na ile sauti ya "ka!" ambayo wote hufurahi kuisikia? Ni gesi katika maji ya kiungo, si mfupa unaorudi nyumbani.

Hatusemi mzee anayekanda ni mwongo. Nafuu ni ya kweli kwa wengi. Huenda misuli inalegea na mishipa ya fahamu inatulia. Kasoro iko katika maelezo. Aliyeambiwa mfupa umetoka huogopa kutembea, ingawa kutembea kungemsaidia, na maumivu yakirudi anaomba akandamizwe kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo tunapoogopa. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo na kula mifupa polepole. Mgonjwa huyo akikanyagwa mgongoni au kupindwa, mfupa dhaifu unaweza kuvunjika na miguu ikapooza. Kwa hiyo mwenye maumivu pamoja na homa, kukonda, au jasho la usiku asikandwe, wala aliyeanguka kwenye pikipiki. Aende kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika inchi yetu. Na yule ambaye miguu inalegea, mkojo umezuilika au unatoka wenyewe, au hana hisia kati ya mapaja, asingojee hata kesho.

Kwa wamama wenye mimba jambo ni tofauti kidogo. Homoni hulegeza kano ili mtoto apite, na nyonga huuma kweli. Mkanda uliofungwa kuzunguka nyonga, chini ya tumbo, huwasaidia baadhi yao. Kulala kwa ubavu na kitambaa kilichokunjwa kati ya magoti, hilo pia. Kitunga nacho kibebwe na mwingine. Tunawaambia hayo wababa waziwazi, maana njiani tumeona nani anatangulia mikono mitupu.

Mzee wa kijiji anayekanda, tumwalike aketi na muuguzi wa kituo, wapatane ni mgonjwa gani atamrudisha bila kumgusa.