Ndengu Aliyefika Jericho

Njoo, mpwa wangu. Vuta kibao, keti. Umeniuliza swali zuri, na swali zuri halijibiwi mtu akiwa amesimama mlangoni.

Umeuliza: "Mjomba, chapati na ndengu ni chakula cha wapi?"

Ni chakula chetu. Hilo halina ubishi. Pita mtaani kwetu Jericho, hapa Nairobi, jioni, toka sokoni hadi upande wa uwanja wa Camp Toyoyo, na pua yako itakuambia. Hapa mama anachoma chapati. Pale sufuria ya ndengu inatokota juu ya jiko la makaa. Watu wanatoka kazini Industrial Area, wanashuka matatu Jogoo Road, wanapita kibandani na kuagiza chapo dengu kabla hata ya kusalimia vizuri. Ni chakula chetu kabisa.

Lakini je, kilianzia hapa? Aa! Hapo ndipo utamu wa swali lako ulipo. Tumuulize mwenyewe. Fungua lile kopo, chukua ndengu mmoja, mweke kiganjani. Msikilize.

"Mimi ni ndengu," anasema. "Mdogo, wa kijani, mwenye alama nyeupe ubavuni. Nilizaliwa Kitui. Ndugu zangu nami tulilala kwa mstari ndani ya ganda jembamba, na ganda lilipokauka likawa jeusi. Mama yetu hakudai mvua nyingi. Miezi miwili, mitatu hivi, kazi yake ikawa imekwisha. Tukatiwa guniani. Gunia likapanda lori. Lori likaja Nairobi, na katika soko la Jericho nikapimwa kwa gorogoro. Mimi ni wa Kitui. Lakini mababu wa mababu zangu ni wa Bara Hindi. Watu wa huko walianza kutupanda maelfu ya miaka iliyopita."

Umesikia? Mkamba kwa kuzaliwa, Mhindi kwa asili. Na wala si yeye peke yake. Mbaazi pia asili yake ni Bara Hindi. Iliki pia, na tangawizi na manjano zilitoka pande hizo hizo za Asia.

"Sasa Mjomba, vilifikaje huku?"

Swali jingine zuri! Bahari ya Hindi ni barabara ya zamani. Majahazi yalikuja pwani yetu na upepo wa kaskazi, yakarudi na upepo wa kusi, karne baada ya karne. Lakini chapati kupanda bara hadi Nairobi, hiyo ni hadithi ya reli.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Wakaleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi, zaidi ya 30,000, wengi wao kutoka Punjab. Ilikuwa kazi ngumu, mpwa wangu. Joto, malaria, na kule Tsavo simba. Takriban 2,500 walikufa. Mwaka 1899 reli ikafika hapa tunapoita Nairobi, mahali palipokuwa kinamasi tu. Mwaka 1901 ikafika Kisumu. Wengi wa wale watu wakarudi kwao. Elfu sita na ushee wakabaki.

Na mtu aliye mbali na kwao hupika nini? Hupika alichokijua kwao. Unga wa ngano, mchele, dengu, samli. Baadaye wakaja wafanyabiashara, wengi kutoka Gujarat, wakafungua maduka kando ya reli. Kati yao walikuwamo Wahindu wengi na Wajaini wasiokula nyama kabisa. Mjaini huchunga asimdhuru kiumbe, hata mdudu mdogo.

"Mjomba! Mtu anaweza kuishi bila nyama kweli?"

Anaweza, na akakimbia mbio kukushinda. Sikiliza kwa makini, maana hapa pana jambo kubwa. Mwili wako hujijenga kwa protini, na protini hujengwa kwa vipande vidogo vidogo. Kipande kimoja kinaitwa laisini. Ngano ina laisini kidogo. Ndengu ana laisini nyingi. Kuna kipande kingine, methionini, ambacho ndengu anacho kidogo, lakini ngano inacho cha kutosha. Kwa hiyo chapati ikikutana na ndengu tumboni mwako, kila mmoja anampa mwenzake alichopungukiwa. Bibi wa Gujarat hawakujua jina la laisini. Walijua kwamba mtoto aliyekula vyote viwili hukua vizuri. Mimi nawaheshimu sana bibi hao.

"Na hapa Eastlands chapati ilifikaje?"

Ilifika kwa mikono ya watu. Wazee wetu walifanya kazi katika majiko ya Wahindi, Ngara na Pangani na Parklands. Walikanda, wakakaanga, wakaonja. Jioni walirudi mitaa ya huku na ujuzi mikononi mwao. Halafu wakaubadilisha! Chapati ya kila siku ya Wahindi wengi ni nyembamba, huchomwa bila mafuta, inavimba kama inataka kuruka. Yetu sisi ina mafuta, ina tabaka, inashibisha. Na kwa miaka mingi ilikuwa ya siku kubwa. Muulize nyanya yako chapati iliambatana na siku gani. Atakuambia: Krismasi! Mwaka mzima mtoto anangoja Krismasi, na Krismasi yenyewe ni chapati.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Kwangu mimi jikoni walitambuliwa zamani zaidi.

Siku ukisafiri kwenda Mombasa, angalia utakapofika Makindu. Kando ya barabara pana hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 pale walipokuwa wakisalia wafanyakazi wa reli. Msafiri yeyote akiingia hupewa chakula bila malipo. Chapati, dengu, wali, chai. Nyama haipo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi, unakula, na humwagi chakula.

"Hata mimi?"

Hata wewe. Hawakuulizi dini yako, hawakuulizi kabila lako. Wanauliza kama umeshiba.

Haya, tupike. Mwite mtu mzima akae karibu, maana kuna kisu na kuna moto.

Ndengu kikombe kimoja. Mchambue kwanza, utoe vijiwe. Mwoshe, mloweke tangu asubuhi. Jioni mchemshe mpaka apasuke na kulainika. Usiharakishe. Ndengu aliyeharakishwa hukasirika, na wewe utamtafuna ukijuta.

Katika sufuria nyingine tia mafuta vijiko viwili. Yakipata moto, tia kijiko kidogo cha jira. Utaisikia ikilialia: cha! cha! cha! Sasa tia kitunguu kilichokatwa, ukikoroge mpaka kiwe na rangi ya kahawia. Tia kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa. Tia manjano nusu kijiko kidogo. Tia nyanya mbili, ziache ziive hadi zivurugike. Ndipo umwite ndengu aingie na maji yake kidogo. Chumvi. Moto mdogo, dakika kumi. Mwisho dania juu.

"Mjomba, mbona viungo vinaanza kwenye mafuta? Si tuvitie tu majini na ndengu?"

Mtoto mwenye akili! Watu wazima wengi hupika miaka na hawaulizi. Harufu ya jira imo ndani ya mafuta yake yenyewe, mafuta kidogo sana yaliyofichwa ndani ya punje. Mafuta hayo hayapatani na maji. Hupatana na mafuta wenzake. Ukiikaanga jira, harufu inatoka kwenye punje na kuingia kwenye mafuta ya sufuria, na mafuta yanaipeleka kila pembe ya mchuzi. Ukiitia majini, nyingi inabaki imejifungia. Manjano ni vile vile. Rangi yake hutoka vizuri kwenye mafuta. Ndiyo maana ikikudondokea shatini, maji matupu hayaifui. Kwa hiyo vaa fulana ya zamani!

Sasa chapati. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kidogo, kijiko cha mafuta, maji ya uvuguvugu. Kanda dakika kumi. Kanda, kanda, kanda. Kisha funika, uache nusu saa.

"Nusu saa nzima? Njaa inauma!"

Najua. Lakini ngoja nikueleze. Ndani ya unga wa ngano kuna protini zilizolala. Maji yakiingia na mikono yako ikikanda, zinaamka na kushikana. Ni kama watoto wa ploti wanaocheza uwanjani, wameshikana mikono na kuvutana kwa nguvu, mstari mmoja mrefu. Ukijaribu kuwasukuma wakati huo, wanakuvuta nyuma. Ndivyo donge linavyofanya: unalisukuma kwa kijiti cha kusukumia, linarudi. Unalisukuma, linarudi. Sasa waache watoto wapumzike kivulini. Mikono bado wameshikana, lakini hawavutani tena. Ukirudi baada ya nusu saa, donge linakwenda unakolipeleka, halikasiriki, halirudi.

Sukuma duara. Paka mafuta. Likunje kama mkeka, kisha lizungushe kama konokono. Hapo ndipo tabaka zinapotoka, maana mafuta huzuia unga kushikana na unga. Lipumzishe kidogo tena. Sukuma, choma kwenye kikaango chenye moto. Tazama vile inavyovimba! Maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yale yalivyokuwa. Haukai kimya. Unainua tabaka, chapati inapumua.

Sasa kachumbari ya kula navyo. Ni rahisi, lakini hukuniuliza juu ya machozi.

"Eeh! Kitunguu kinaniliza kwa nini?"

Kwa sababu umemkata. Ndani yake ana vitu viwili alivyovitenga vyumba mbalimbali. Kisu kinabomoa kuta, vitu vinakutana, gesi inazaliwa na kupanda hadi machoni. Jicho linaisafisha kwa machozi. Tumia kisu kikali, kinabomoa kuta chache. Kisha nyunyizia chumvi vile vipande, vikande kidogo, vioshe. Ukali unaondoka na maji. Changanya na nyanya, dania, ndimu, na pilipili ikiwa wewe ni shujaa.

Lakini mimi nina kachumbari ninayoipenda zaidi, na ndengu ana neno juu yake.

"Kaka yangu hakupikwa," anasema. "Alilowekwa usiku, akachujwa, akafungwa katika kitambaa kibichi. Asubuhi na jioni alisuuzwa. Siku ya pili akatoa mkia mweupe! Alidhani amerudi shambani Kitui."

Mkia ule ni chipukizi. Ndengu anapoota, anaunda vitamini C ambayo punje kavu karibu haina. Wahindi hula machipukizi haya na kitunguu, nyanya, karoti iliyokwaruzwa, ndimu na chumvi. Ila kumbuka: mahali penye joto na unyevu, vijidudu navyo hupapenda. Watumbukize ndengu wako katika maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu kwanza, uwachuje, ndipo uchanganye. Kwa watoto wadogo usiruke hatua hiyo hata siku moja.

Umeshiba? Bado kuna tamu. Wapishi wa Kihindi huiita kheer, nayo ni wali wa maziwa. Mchele konzi moja, maziwa nusu lita, hata yale ya kupimiwa dukani. Moto mdogo. Koroga, koroga, usiende kucheza. Maziwa yakichemka huunda utando juu, mvuke unakwama chini yake, na hapo yanapanda ghafla na kuzima jiko. Ukikoroga, utando haupati nafasi. Pole pole wanga wa mchele unavimba na maziwa yanakuwa mazito. Kama nusu saa na ushee, ukifika hapo tia sukari vijiko viwili na iliki tatu zilizopondwa. Zabibu kavu zikiwapo, heri. Huliwa ikiwa moto, au ikiwa baridi kesho yake. Mimi baridi ndiyo ninayoipenda.

"Na ndengu iliyobaki, Mjomba? Tuimwage?"

Umwage chakula? Hapana! Huko Bara Hindi, mabaki mazito ya dengu hukandwa ndani ya unga wa chapati. Nawe yaponde kwa mwiko, tia unga juu yake, kanda bila maji mengi, maana ndengu ana maji yake. Pumzisha donge. Sukuma. Choma. Utapata chapati ya rangi ya manjano yenye madoa ya kijani, yenye viungo ndani, isiyohitaji mchuzi. Ifungie kwenye mkebe, uipeleke shuleni, na umkatie jirani yako kipande. Akikuuliza ni chakula cha wapi, mwambie asubiri, kisha mlete hapa. Vibao viko.