Uingereza Nyuma ya Mbwa

Kwetu Igawa, Usangu, mbwa ana kazi. Usiku analinda zizi, msimu wa mahindi anafukuza ngedere, na mchana anafuatana na ng'ombe hadi kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Hakuna anayemtembeza. Uingereza mbwa wengi hawana zizi wala shamba la kulinda. Wanaishi ndani ya nyumba, na kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, mwenye mbwa hana budi kumtoa. Mtu wa nyumbani akifika huko anaweza kuishia kushangaa. Ushauri wangu ni kwamba amfuate huyo mbwa, kwa kuwa mbwa ndiye anayepitishwa mahali ambapo nchi ile inaonekana vizuri: mashambani, vilimani na ufukweni.

Nazungumzia England, sehemu ya Uingereza niliyoishi. Tanzania inaizidi kwa ukubwa mara saba, lakini watu wa England walikuwa zaidi ya milioni 56 kwa sensa ya 2021. Milima yake ni mifupi. Mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una mita 978, maana yake kilele chake kiko chini kuliko uwanda wetu wa Usangu, ambako watu wanalima mpunga bila kujihesabu kuwa wako mlimani. Ardhi karibu yote ina mwenyewe. Ungetegemea basi kukuta seng'enge na vibao vya kukataza kila upande, na mbwa na mwenyewe wakizunguka barabarani tu.

Sivyo. Katika England na Wales kuna njia za miguu na za farasi zenye jumla ya kilomita zipatazo 225,000, na sehemu kubwa hupita katikati ya mali za watu. Udongo ni wa mkulima, lakini kupita ni haki ya umma. Mkulima akilima juu ya njia hiyo hutakiwa kuirudisha. Akiiziba, halmashauri inaweza kumlazimisha aifungue. Mshale wa njano uliopigiliwa kwenye nguzo unaonyesha njia ya waendao kwa miguu, wa bluu unaruhusu na farasi. Njia hizo zimechorwa kwenye ramani ambazo mtu yeyote anaweza kununua.

Nilipokuwa Sussex, kusini, nilikuwa nikimtembeza mbwa wa jirani yangu, mama mmoja mzee aliyesumbuliwa na magoti. Kilichonivutia mapema ni malango. Lipo lango dogo lililofungiwa ndani ya uzio wa nusu duara: unasukuma, unaingia kwenye kijinafasi cha mtu mmoja, unalirudisha nyuma yako, kisha unatokea upande wa pili. Mtu anapita na mbwa wake, ng'ombe hapiti, na hakuna wa kusahau kufunga kwa sababu lango lenyewe haliachi upenyo. Pengine, badala ya lango, kuna ngazi fupi ya mbao ya kuvukia uzio, na kando yake ubao mmoja unaochomolewa kwenda juu ili mbwa apite chini. Aliyeutengeneza alimfikiria mkulima, mpita njia na mbwa kwa pamoja. Nilisimama nikautazama ubao ule kwa heshima kabisa.

Haki hizo hazikuja bure. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana wa viwandani, wengi wakitokea Manchester, walipanda mlima Kinder Scout ambao wamiliki wake waliufunga kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Walikabiliana na walinzi, na watano kati yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani, na mwaka 1951 eneo la mlima huo, Peak District, likawa hifadhi ya kwanza. Sheria ya mwaka 2000 ikaongeza haki ya kutembea nje ya njia kwenye nyika na milima mingi.

Pwani ndiko nilikokupenda zaidi. Huko huko Sussex, kutoka Exceat, Mto Cuckmere unajipinda-pinda kwenye malisho hadi baharini, mwendo wa nusu saa na ushei, na ukifika unaona magenge meupe ya Seven Sisters yakienda mashariki, kuelekea Beachy Head, penye mita 162 kutoka majini. Juu hakuna uzio. Genge hubomoka bila taarifa, na mbwa anayekimbiza ndege hajui ukingo uko wapi. Pale kamba haifunguliwi. Norfolk, upande wa mashariki, ufukwe wa Holkham ni tambarare. Maji yakipwa hurudi mbali sana, nyuma yako una msitu wa misonobari, na mbwa anaweza kukimbia mpaka achoke. Hata hivyo membe wadogo na vitwitwi hutaga mchangani, kwa hiyo msimu wa kutaga sehemu hufungwa. Fukwe nyingi zenye waogeleaji nazo hukataza mbwa kuanzia Mei hadi Septemba. Majira ya baridi ndiyo ya mbwa.

Uhuru huo una masharti mengine. Kwenye nyika zilizofunguliwa, kuanzia Machi 1 hadi Julai 31 mbwa hufungwa kamba isiyozidi mita mbili, na penye mifugo hufungwa mwaka mzima. Mbwa anayesumbua kondoo anaweza kupigwa risasi na mkulima, na sheria ikamlinda mkulima. Kinyesi kinaokotwa kwa mfuko na aliyeshika kamba, hata awe mheshimiwa namna gani.

Msomaji Mwislamu atakayekwenda huko ajue kwamba mbwa humsogelea mgeni bila woga, na kwamba ukimwomba mwenyewe amwite, humwita mara moja. Kuhusu kichaa cha mbwa, kilitokomezwa Uingereza mwaka 1922. Kwetu ugonjwa huo bado unaua, na watoto ndio wanaoumwa zaidi. Wanapotangaza chanjo kijijini, peleka mbwa wako, hata kama ni wa kulinda zizi tu.

Na njia za miguu kwetu je? Tunazo: za kwenda mtoni Mbarali, za shule, za mifugo, zilizokanyagwa na babu zetu. Kila mwaka jaruba moja linasogea, uzio mmoja unaongezwa, na njia inakatika bila mtu kuulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano wa kijiji nguvu, na vijiji vinaandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Mpango wa kijiji chako ukiletwa mkutanoni, simama uulize njia za miguu zimechorwa wapi. Kama hazimo, zichorwe kabla mpango haujapitishwa.