Sensa ya Hewa na Ushahidi wa Rekodi za Injini

Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili kuunguza kikamilifu gramu moja ya mafuta. Kwa hiyo, kabla kompyuta ya gari haijaziamuru nozeli zimwage mafuta, sharti ijue uzito wa hewa iliyoingia. Katika magari mengi kazi hiyo ni ya sensa ya hewa, kifaa kidogo kilichopachikwa kwenye bomba kati ya boksi la filta na throto. Sensa ikikosea, kompyuta hukosea pamoja nayo: gari hukosa nguvu, hula mafuta, au huzima likisimama kwenye foleni.

Sensa iliyoenea zaidi hufanya kazi kwa joto. Ndani yake mna uzi mwembamba wa platinamu, au kibamba chembamba kilichochukua nafasi ya uzi huo, kinachopashwa moto kwa umeme na kudumishwa kwenye joto lililozidi lile la hewa kwa kiwango maalumu. Hewa inayopita hukipoza, na kadiri inavyopita kwa wingi ndivyo umeme mwingi zaidi unavyohitajika kurudisha joto lake. Umeme huo ndio kipimo. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliitumia njia hii katika mfumo wake wa LH-Jetronic uliotoka mwaka 1982. Baadhi ya mifumo iliyotangulia ilipima hewa kwa kibao kilichosukumwa na mkondo wa hewa.

Udhaifu wa sensa hii ni uchafu. Vumbi linalopenya kwenye filta mbovu, au mafuta yanayotoka kwenye filta za kupaka mafuta, huganda juu ya uzi na kuufunika kama blanketi. Joto halitoki tena kama inavyopasa, na sensa huripoti hewa pungufu, hasa injini inapovuta kwa nguvu. Uzi haujakatika na umeme unapita, kwa hiyo mara nyingi taa ya injini haiwaki. Hata ikiwaka, namba ya hitilafu inaweza kupotosha. P0101 husema kwamba kipimo cha hewa hakiaminiki. P0171 husema tu kwamba mchanganyiko una mafuta pungufu kwa hewa iliyopo. Namba hii ya pili inaweza kusababishwa na sensa chafu, mpira wa hewa uliopasuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Anayebadilisha sensa kwa kutazama namba hiyo peke yake anabahatisha.

Njia ya uhakika ni kurekodi data injini inapofanya kazi. Kifaa cha kusomea huchomekwa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi, na programu ya simu au kompyuta huandika vipimo mfululizo pamoja na muda wake. Mfumo wa OBD-II, uliolazimishwa kwa magari mapya nchini Marekani kuanzia modeli za 1996, hutoa kiasi cha hewa kwa gramu kwa sekunde. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana tundu hilohilo lakini hayajibu lugha ya OBD-II. Hayo huhitaji mashine inayoelewa mfumo wa kampuni yake. Vipimo vichache vinatosha: mizunguko ya injini, kiasi cha hewa, ufunguzi wa throto, sensa ya oksijeni, na marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu. Vikichaguliwa vingi mno, kila kimoja husomwa kwa nadra, na tukio la sekunde moja hupotea.

Rekodi ya kwanza huchukuliwa injini ikiwa na moto wa kutosha na iko sailensi, bila kukanyagwa mafuta. Injini ya lita 1.8 kwa kawaida huonyesha gramu 2 hadi 3 kwa sekunde. Kipimo hicho pekee hakitoshi, kwani sensa chafu inaweza kuonekana nzima hewa ikiwa kidogo.

Rekodi ya pili ndiyo yenye uzito. Kwenye barabara iliyo wazi, gari likiwa gia ya pili, mafuta hukanyagwa hadi mwisho mpaka injini ifike mizunguko 5,000 kwa dakika, huku mtu mwingine akishika simu. Kinachotarajiwa kinaweza kukokotolewa. Injini ya mipigo minne hujaza hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo injini ya lita 1.8 ingevuta lita 75 kwa sekunde kama ingejaa kabisa. Mombasa, lita moja ya hewa ina uzito wa takriban gramu 1.17. Injini ikijaa kwa asilimia 85, sensa ionyeshe karibu gramu 75 kwa sekunde. Nairobi, mwinuko wa takriban mita 1,800, hewa ni nyepesi, kama gramu 0.98 kwa lita, na gari hilohilo litaonyesha karibu gramu 62. Kipimo cha 62 ni afya Nairobi, lakini Mombasa ni dalili ya ugonjwa.

Kipimo kikiwa chini, bado linabaki swali: sensa inadanganya, au hewa kweli ni kidogo? Jibu limo kwenye marekebisho ya mafuta. Kompyuta huyatumia kusahihisha makosa yake kwa kufuata sensa ya oksijeni, na yakikaa karibu na sifuri hakuna kosa kubwa. Hewa ikiwa chini huku marekebisho yakiwa ya kawaida, sensa inasema kweli, na injini ndiyo inayokosa pumzi. Filta iliyoziba au kichujio cha moshi kilichoziba kwenye eksozi kichunguzwe. Hewa ikiwa chini huku marekebisho yakipanda, tuseme hadi asilimia 15 au 20, kadiri mzigo unavyoongezeka, sensa inapunguza hesabu. Marekebisho yakiwa makubwa sailensi kisha yakashuka mizunguko ikipanda, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa. Na kipimo cha hewa kikilingana na hesabu ilhali sensa ya oksijeni ya aina ya kawaida inabaki karibu na volti 0.1 mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, badala ya kupanda juu ya volti 0.8, lawama ni ya pampu, filta ya mafuta au nozeli.

Sensa iliyothibitika kuwa chafu husafishwa kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili yake, bila kugusa uzi kwa brashi wala pamba, kisha huachwa ikauke kabisa. Kumbukumbu za marekebisho hufutwa, gari huendeshwa ili kompyuta ijifunze upya, na rekodi ya pili hurudiwa kwenye barabara ileile na gia ileile. Kipimo kikipanda hadi kwenye hesabu na marekebisho yakashuka kuelekea sifuri, tatizo limekwisha. Kisipobadilika, na mipira ya hewa na nyaya zikawa nzima, ndipo sensa mpya inaponunuliwa.