Kabla Boti Haijaondoka Shimoni: Pesa Yako na Safari ya Kisite-Mpunguti

Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tumesimama gatini Shimoni, watu sita, mahema mawili, madumu mawili ya maji na sufuria moja. Boti tuliyokuwa tumeilipia haikuwepo. Tukapiga simu kwa aliyepokea arbuni yetu ya Sh4,500. Mteja hapatikani. Tulipowatajia jina lake manahodha waliokuwa pale, walitazamana tu. Hakuna aliyemjua.

Ndiyo, sisi. Sisi hawa tunaowaambia kila siku mhakikishe jina kabla ya kutuma. Tuliona tangazo lenye picha tamu za pomboo, tukauliza bei, tukaambiwa nafasi zilizobaki ni chache. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN halikuwa la mwenye tangazo. Tulipouliza, akasema hiyo ni laini ya mke wake. Tukaamini, kwa sababu tulikuwa tushaanza kupanga nguo za kuogelea.

Safari hatukuiacha. Na tumeamua kuwasimulia yote, mazuri na ya aibu, ili nyinyi mkienda mfurahie bila kupoteza hata shilingi.

Kwanza, kwa nini uende

Kisite-Mpunguti ni hifadhi ya baharini iliyo kusini kabisa mwa Pwani ya Kenya, Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Huwezi kufika kwa gari. Unavuka Likoni kutoka Mombasa, unapita Ukunda na Msambweni, unakata kona Kanana kuelekea Shimoni, halafu barabara inakwisha na bahari inaanza. Kutoka hapo ni boti tu.

Ndani ya hifadhi kuna visiwa vidogo, vikiwemo Kisite, Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, vyote vikizungukwa na matumbawe. Ukivaa miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia, unaona samaki wa kila rangi bila kuzama sana. Kasa wapo, na pomboo pia. Kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita wakitoka bahari za baridi za kusini, lakini huo ndio wakati wa kusi na mawimbi huwa makali. Ukitaka maji matulivu na ya kuonekana hadi chini, nenda wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi.

Mbele ya hifadhi kuna kisiwa cha Wasini. Hapa hakuna magari. Kinamama wa kijiji wana daraja la mbao linalopita juu ya mikoko na katikati ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, na kiingilio unacholipa kinaenda kwao. Sisi tulilala Wasini, tukapiga mahema uani kwa wenyeji waliotukaribisha. Jioni tulikula wali wa nazi na kaa, na usiku hatukusikia injini yoyote. Ukitaka kulala ndani ya hifadhi yenyewe, uliza kwanza ofisi ya KWS pale Shimoni. Usijipigie hema popote.

Sasa tuongee pesa

Safari ya kisiwani ina tofauti moja na safari nyingine. Ukishaondoka gatini, huenda usipate wakala, na wakati mwingine hakuna mtandao. Simu ya mmoja wetu ilipokea ujumbe wa kumkaribisha Tanzania, na hata boti ilikuwa haijatoka Kenya! Kwa hivyo mambo yote ya malipo yamalize ukiwa nchi kavu.

1. Kiingilio cha hifadhi. KWS haichukui pesa taslimu langoni. Malipo yanapitia eCitizen, na Paybill ya huduma za serikali ni 222222. Mfumo wenyewe ndio unakupa nambari ya akaunti ya kuweka. Mtu akikuambia umtumie kiingilio kwa nambari yake ya simu "akulipie haraka", jiulize haraka ya nini. Kama bei ya boti inajumuisha kiingilio, omba uonyeshwe tiketi kabla ya kupanda.

2. Arbuni ya boti. Uliza jina la nahodha, jina la boti, na jina litakalotokea kwenye simu yako ukilipa. Halafu linganisha. Majina yasipofanana, simama hapo hapo. Sababu ya laini ya mke, ya kaka au ya karani huenda ikawa kweli, lakini mwenye biashara halisi hatakasirika ukimwomba till au Paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Ukiweza, piga simu kwa mwenyeji wako Shimoni au Wasini umuulize kama nahodha huyo anajulikana.

3. Usilipe yote mapema. Kubalianeni sehemu kabla na sehemu mkirudi. Andikeni makubaliano kwenye ujumbe mfupi: siku, saa, idadi ya watu, na kama majaketi ya kuokolea maisha, chakula na miwani viko ndani ya bei.

4. Piga picha ya skrini. Ujumbe wa malipo una kodi ya muamala, jina, kiasi na saa. Uhifadhi kwenye simu mbili tofauti. Simu moja ikianguka majini, ushahidi haujazama nayo.

5. Beba pesa taslimu kidogo. Toa kwa wakala ukiwa Ukunda au Shimoni, na uchukue noti ndogo ndogo. Madafu, chakula na zawadi za kisiwani hazisubiri mtandao urudi.

6. Zima data ya nje. Karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa nchi jirani na kula salio lako. Zima kabla ya kupanda boti.

Tulijaribu kurudisha pesa

Tuliripoti mara tu tulipogundua, lakini pesa zilikuwa zishatolewa. Hapa wengi huchanganyikiwa. Ukikosea nambari na uripoti haraka, kuna nafasi ya muamala kusimamishwa kama pesa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Lakini ukituma kwa hiari kwa tapeli naye akatoa, kinachobaki ni kupiga ripoti polisi ukiwa na ujumbe wako wa malipo. Na asikupigie mtu simu baadaye akidai atakurudishia ukimpa PIN. Huyo ni tapeli wa pili.

Kuna mzee mmoja, nahodha wa miaka mingi, aliyetuona tumekaa juu ya mahema yetu tukinuna. Alitueleza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Matapeli wanawaumiza wao pia. Wageni waliochomwa wanakataa kutoa arbuni, nahodha ananunua mafuta na kuandaa boti, halafu wageni hawatokei. Hasara inabaki gatini.

Tulimwomba atupeleke. Tulikuwa tumebaki na nusu ya nauli, nyingine tulikuwa tukisubiri mwenzetu wa Nairobi atutumie. Akakubali kwa neno letu. "Twendeni wanangu, mtanilipa tukirudi."

Siku ya pili jioni, boti ilipokaribia Shimoni, simu zilianza kulia mfululizo. Pesa zilikuwa zimeingia. Tulilipa kwa till yake tukiwa bado tumevaa majaketi. Jina lililotokea lilikuwa lile lile lililoandikwa ubavuni mwa boti.

Mzee alitoa simu yake mfukoni, akasoma ujumbe polepole, akasoma na jina kwa sauti, akahesabu kiasi. Kisha ndipo akatupa mkono wa kwaheri.

Hakuchukua hata dakika moja. Dakika hiyo hiyo ndiyo iliyotupotezea Sh4,500. Ukipanga safari yako, itumie kabla ya kubonyeza PIN.